Ua la Edie na Hita ya Mafuta

Bi Doreen ndiye aliyeanza kuieneza habari ile. Alikuwa akianua nguo zilizokakamaa kama mbao kwa baridi, akamsimamisha Janine aliyekuwa akipita uchochoroni na kigari cha mtoto.

"Umesikia ya Mzee Hepple? Ndani ya nyumba anakaa na koti na kofia, chai inapoa mkononi. Lakini maua yake kule kwenye kibanda cha vioo, yanawashiwa hita! Tena anayasemesha. Mimi namwambia mtu yeyote, yule mzee kashachanganyikiwa."

"Labda anayapenda tu, Bi Doreen."

"Hata mimi nampenda mume wangu Ronnie, lakini simwachii blanketi lote."

Janine alicheka, akaendelea na safari yake. Kibanda chenyewe alikijua, kwa sababu dirisha la jikoni kwake lilitazama bustani ya mzee yule. Kila asubuhi alipokuwa akimlisha Beth uji, alimwona Norman Hepple akitoka taratibu, mkono mmoja umeshika kifua. Vumbi la mgodi lilikuwa limemharibu mapafu zamani, kama wazee wengi wa mtaa ule. Alikuwa akiingia, anakaa kidogo, kisha kidirisha cha juu ya paa kinafunguka kwa upana wa kiganja. Hata siku ambayo nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, kilifunguka. Janine hakuelewa. Mtu anawasha moto, halafu anaufungulia njia ya kutoka?

Mwezi wa kwanza kifua kikamlaza. Binti yake akaja kutoka mjini, akafungulia joto la nyumba mpaka mwisho, akamkataza kutia mguu nje. Janine alipompelekea supu alimkuta kitandani, jasho linamtoka, lakini macho ameyaelekeza dirishani.

"Usiku huu itaganda," alisema. "Ndani mle kuna ua la Edie."

Edie alikuwa mke wake, sasa marehemu. Ua hilo, jeraniamu nyekundu, alikuja nalo siku alipoolewa, ndani ya kopo la maziwa, na kila mwaka baridi ilipokaribia aliliingiza kibandani. Mengine yote Norman alinunua sokoni na angeweza kuyanunua tena. Hilo moja halikuwa na duka.

"Hita nitaiwasha mimi," Janine akasema.

"Wewe una mtoto mdogo."

"Mtoto atalala. Niambie tu nifanye nini."

Akamwambia. Jaza mafuta ya taa mchana, siyo gizani. Kata utambi uwe sawa. Moto uwe wa bluu. Na asubuhi jua likishatoka, fungua kile kidirisha cha juu, hata kama pua inakatika kwa baridi.

Janine alifanya yote, isipokuwa hilo la mwisho. Siku ya kwanza alikifungua, akahisi baridi ikimshukia shingoni, akayatazama majani yale laini yenye vinyweleo kama masikio ya Beth. Roho ikamuuma. Akakifunga. Kuta za kibanda zilikuwa zimeshavikwa ile plastiki ya vipovu ya kufungia vyombo, lakini yeye akaona nyufa bado, akazikaba kwa blanketi kuukuu la mtoto. Chini ya mlango akasukumia taulo. Alipotoka, alijiona amefanya kazi nzuri.

Kwa siku kadhaa mambo yakaenda. Vioo vikaanza kutiririka maji kwa ndani, naye akadhani ndiyo dalili ya joto. Kisha akaona ukungu wa kijivu kwenye majani ya chini. Jioni moja moto ukawa wa manjano na kutoa masizi. Akaupunguza kidogo, akaenda kumwogesha mtoto.

Asubuhi alipofungua mlango, hita ilikuwa baridi. Majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa.

Alisimama pale akiwa na Beth kiunoni. Alifikiria kusema mafuta yaliisha. Kisha akavuka bustani, akagonga mlango wa mzee.

"Yamekufa, Mzee Hepple. Nilifunga kila mahali ili yasisikie baridi. Na kidirisha sikukifungua."

Norman alivaa koti juu ya nguo za kulalia, binti yake akipiga kelele kutoka ghorofani, akatoka. Mlangoni pa kibanda alichomoa lile taulo, akalitazama, akalitundika begani kama mtu anayetoka kuoga.

"Huyu Beth leo umemvika masweta mangapi?"

"Matatu."

"Na pua yake umeiziba?"

Janine alitikisa kichwa, machozi yakimlenga.

"Basi. Moto nao unapumua, mwanangu. Ule ule unaoleta joto unaleta na maji. Ukifunga, maua yanaoza, halafu moto wenyewe unakosa hewa unazimika. Edie mwenyewe aliwahi kuniulia nyanya zote hivyo hivyo. Nilimnunia wiki nzima, mjinga mimi."

Akakohoa mpaka akashika meza. Alipotulia alitoa kisu mfukoni, akalivuta ua la Edie karibu. Akakata majani yote meusi, akakata matawi, kikabaki kisiki kifupi kama kidole gumba. Hapo mkono ukasita. Mwishowe akakwangua gome kwa ukucha, chini kabisa, karibu na udongo.

Palikuwa na kijani. Kidogo tu.

Beth alinyoosha mkono autie kwenye chungu, Janine akamzuia.

"Kwangu halitakaa," Norman alisema. "Binti yangu kageuza nyumba tanuri, litachipua kabla ya wakati, life. Kile chumba chako cha nyuma, bado hakina joto?"

"Kina baridi ya kutosha tu. Ua halitaganda, lakini sisi hatulali humo."

Akafuta chungu kwa lile taulo, akamkabidhi.

"Liweke dirishani humo. Na nakuomba, Janine, usilimwagilie maji mpaka nitakapokuambia. Hata ukilihurumia."