Injini ya Mguu Mfupi

Majirani walimbandika jina la Kepteni, na hawakuwa na nia njema. Fundi cherehani gani anafuga mashua ya tanga uani, juu ya trela, kama mgeni aliyekataa kuaga? Mkewe alianika nguo kwenye mlingoti uliolazwa.

"Baba watoto," alimwambia, "nakuja nawe majini mara moja. Upepo ukikata ukanipigisha makasia, dude hili linauzwa. Nataka nafasi ya kamba zangu za nguo."

Basi Kepteni akaenda kusaka injini. Muuzaji akamwonyesha moja yenye nguvu za kusukuma kivuko. Kepteni akajaribu kuinyanyua, kiuno kikagoma. Kuifunga nyuma ya mashua ile kungekuwa sawa na kumbebesha mtoto wa chekechea mfuko wa saruji. Akachagua ndogo, ya kubebeka kwa mkono mmoja. Ikabaki habari ya mguu wa injini, ule unaoshusha propela majini.

"Chukua mrefu," muuzaji akamshauri.

"Bwana wee, kupima ndiyo kazi yangu!"

Kweli alikuwa amepima, kwa futi yake ya kitambaa, mashua ikiwa juu ya trela, tupu, imetulia kama bwana harusi aliyebana tumbo. Akachukua mfupi.

Siku ya siku, upepo ukakata mbali na ufuko. Kepteni akashusha tanga, akavuta kamba, injini ikaitika. Kifua kikamvimba. Mkewe, akikimbia moshi, akasogea mbele kabisa. Nyuma ikainuka, propela ikatoka majini, ikaanza kukoroga hewa kwa kelele za mashine ya kusaga.

"Inasaga nini hiyo?"

"Inapasha misuli, mama."

Akaizima. Akayatazama makasia, akaiona mashua imeshapata mnunuzi.

"Mteja wako akikaa," mkewe akauliza, "suruali si inapanda?"

"Inapanda."

"Na mashua hii uliipima imesimama, bila mtu ndani."

Kepteni akanyoosha mkono kwenye makasia.

"Nipishe huko nyuma."

Mkewe akatambaa, akaketi kando ya injini kwa uzito wake wote, ambao Kepteni hakuwahi kuthubutu kuutaja. Nyuma ikashuka. Akavuta kamba mwenyewe. Safari hii propela ikayauma maji, mashua ikachomoka.

Walipofika karibu na ufuko, mkewe akapinda usukani, akarudi kilindini.

"Nyumbani ni kule!" Kepteni akapiga kelele.

"Napajua."

"Na kamba zako za nguo?"

"Mlingoti unatosha. Inama, unanizibia njia."

"Kepteni!" jirani mmoja akaita kutoka nchi kavu.

Wakaitika wote wawili.