Mwalimu Kalunde na Raga ya Kutogusana

Ukimuuliza Mwalimu Kalunde kwa nini mtu anakimbia mbele na mpira halafu anautupa nyuma, atakuambia, "Hata mimi niliuliza hivyo." Aliuliza kwa semina ya siku mbili huko Kajiado mjini, akajibiwa kwamba ndivyo raga ilivyo. Akarudi kwetu Noonkopir na mpira mmoja wenye umbo la yai na karatasi ya michoro.

Zamani alishona suruali katika kiwanda kimoja kule Athi River, mpaka mgongo ukakataa. Sasa anaangalia watoto wa wamama wanaoenda kazi, kumi na tisa, wa miaka mitatu hadi mitano. Sisi tunakaa mlango unaofuata, kwa hivyo huo mchezo nimeuona tangu siku ya kwanza.

Aliuchagua kwa sababu kwa raga ya wadogo hakuna kushikana. Kila mtoto anachomeka vitambaa viwili kiunoni, Kalunde alivichana kutoka kwa leso yake. Ukitaka kumsimamisha mwenye mpira, unachomoa kitambaa chake, halafu unamrudishia. Hapo kwa kurudisha ndipo mambo yaliharibika. Mmoja akichomolewa analia ameibiwa. Mwingine alichomoa akakimbia nacho mpaka kwao, mama yake akakipangusia sufuria.

Sheria moja tu ndiyo waliishika: ukigusa mtu unatoka, unakaa kwa tairi mpaka mwalimu ahesabu ishirini. Hiyo waliipenda sana. Mulinge, wa miaka minne, alikuwa anatoa wenzake hata wakati wa uji.

Uwanja ni ploti ya Mzee Kuntai, babu yake Lemein, mmoja wa hao watoto. Aliwaachia tu wacheze. Lakini mwezi wa tano akatokea mtu anataka kumwaga kokoto pale, na Mzee naye alikuwa ameona raga kwa televisheni ya buchari, pale wanapouza nyama, wanaume wamelaliana kama mbuzi ndani ya lori. Akamwambia Kalunde, "Jumamosi nakuja kuona. Kama ni ile ya kuvunjana shingo, Jumatatu kokoto inaingia."

Kalunde hakuwa na pahali pengine. Chumba chake kinatosha magodoro sita.

Jumamosi aliwapanga mapema.

"Leo hakuna kugusa, hata kidogo. Nani atagusa?"

"Hakunaaa!"

Mzee akaja na fimbo, shuka juu ya koti. Hakusimama kando na Rahab, mama yake Mulinge, na wazazi wengine. Ploti ni yake, akapita katikati.

"Takwenya," akamsalimia Kalunde.

Kalunde akatoa filimbi mdomoni, akaitikia, "Iko."

Lemein ndiye alikuwa na mpira. Mbele yake hakukuwa na mtu, mstari uko hatua kumi. Akamwona babu yake. Akasimama, akaweka mpira chini, akainamisha kichwa vile watoto wa Kimaasai husalimia wakubwa, na Mzee akamwekea mkono kichwani. Mara mwenzake Naisenya naye akaleta kichwa chake. Halafu wale watoto wa Kikamba pia, maana wamekaa pamoja mpaka salamu zimekuwa moja. Wakapanga foleni, Mzee akawagusa mmoja mmoja.

Mulinge alipata mkono wake, akainua kichwa, akapiga kelele, "Mwalimu! Babu amegusa! Atoke!"

"Atoke! Atoke!" wote wakaitikia.

"Mulinge!" Rahab akaita. "Nani huyo unamwambia atoke?"

"Si amegusa watu wote!"

Kalunde alikodoa macho. Atamtoaje mwenye ploti kwa ploti yake? Na akinyamaza, watoto wataona kugusa ni sawa, waanze kuangushana Mzee akiwa palepale.

"Wanasema nini hawa?" Mzee akauliza.

"Ni... anayegusa anakaa pale kwa tairi. Lakini ni watoto, Mzee. Hawajui."

"Ni sheria ama si sheria?"

"Ni sheria."

"Na nikikosa kuwagusa, si watakuwa wamenisalimia bure?"



Mzee alimwangalia, akawaangalia watoto, akaenda. Akaketi kwa tairi, fimbo katikati ya magoti. Kalunde akasahau kuhesabu. Vitambaa vikachomolewa, vikarudishwa. Lemein akafunga upande wake mwenyewe, timu zote mbili zikashangilia. Kila aliyekaribia kumsukuma mwenzake aliangalia kwanza kule babu amekaa, akarudisha mkono.

Filimbi ya mwisho ikalia, Mzee akainuka polepole.

"Nani ameshinda?"

"Sijui, Mzee."

"Wewe mwalimu hujui?"

"Wadogo hivi hawahesabiwi."

Akatingisha kichwa. Akatoa simu, akampigia mtu wa kokoto palepale. "Wewe, ngoja kwanza. Kuna kitu hapa sijaelewa."

Jumatatu lori halikuja. Jumamosi Mzee akaja tena, akauliza nani ameshinda. Na ile iliyofuata pia. Kalunde hajui kama amepewa uwanja ama bado anapimwa. Juzi alisema afadhali aketi na Mzee amweleze mchezo wote, wasiwasi uishe.

"Usijaribu," Rahab akamwambia. "Akielewa, kokoto inaingia."

Kalunde hakucheka. "Sasa nitajuaje kama uwanja ni wetu?"

Rahab akaangalia ploti, akaangalia barabara. "Jumamosi akija tena kuuliza nani ameshinda, bado ni wetu."