Vimbunga vya Mbali na Ng'ombe wa Baba Saruni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwambia bosi kwamba usiku ilikuwa imenyesha kama milimita saba. Alikuwa Afisa Msimamizi wa kituo cha hali ya hewa karibu na uwanja wa ndege, mtu mfupi mwenye asili ya Murang'a, ambaye sweta lake halikuvuliwa hata jua likiwaka. Aliweka kikombe cha chai mezani, akaniangalia kwa muda.

"Binti, hapa hatuna 'kama'. Rudi ukasome tena."

Nikarudi nje kwenye vipimo. Kipima mvua ni mkebe wa shaba uliozikwa nusu ardhini, ndani yake mna chupa inayokusanya maji, na maji hayo unayamimina kwenye glasi yenye mistari. Nilikuwa nimeisoma nikiwa nimesimama. Sasa nilipiga magoti kwenye umande, jicho likalingana na maji. Ilikuwa sita nukta nane. Nilipomwambia, aliandika bila kuinua kichwa, akasema, "Hiyo sasa ni mvua." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na magoti yangu yalikuwa yamelowa, na nilimchukia mzee huyo mpaka saa sita mchana. Baadaye nilimpenda sana.

Nataka ninyi vijana mjue nilifikaje pale. Kwetu ni Olooloitikosh, nyuma ya Kitengela, wakati huo nyasi tupu mpaka macho yachoke, si ploti na mabati kama leo. Baba alisema mtoto mmoja ataenda shule na mmoja atabaki na ng'ombe. Kaka yangu Lemayian ndiye mkubwa, na shule ilikuwa yake kwa haki. Akasema mimi niende. Hakutoa sababu, na mimi mpaka leo sijamuuliza. Tangu apate mtoto wake wa kwanza namwita Baba Saruni, na nikimtaja hapa mjue ni yeye.

Baada ya kituo kile cha karibu na uwanja wa ndege nilipelekwa Makindu, nikajifunza kurusha puto. Puto la hali ya hewa hubeba kijisanduku kinachopima joto, unyevu na upepo likipanda, na kutuma vipimo kwa redio. Kisha nikarudishwa Nairobi, chumba cha utabiri, na hapo ndipo nilipokutana na vimbunga.

Watu hucheka nikisema nilifuatilia vimbunga nikiwa Kenya. Kimbunga chenyewe hakifiki kwetu, kwa sababu karibu na ikweta hewa haipati nguvu ya kuzunguka. Lakini kule kusini, upande wa Madagaska, bahari ikipata joto la kutosha huzaliwa kimoja, kingine, kingine, hasa kati ya Januari na Aprili. Na Machi ndiyo sisi tunangoja masika. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingine hutuvutia hewa yenye unyevu kutoka Kongo, tukapata mvua nzuri. Kikiingia kwenye mlangobahari kati ya Madagaska na Msumbiji, basi, unyevu wetu wote kinautwaa chenyewe. Ni kama ndama mkubwa aliyerudishwa kwa mama yake: mdogo hapati kitu.

Mkuu wa Utabiri alikuwa mama mmoja mrefu aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani. Kila baada ya saa sita tulipokea latitudo na longitudo za kimbunga, tukaweka nukta kwa penseli kwenye ramani kubwa ya ukutani, tukaunganisha nukta. Alinikuta siku moja nimechora mstari mpaka pale nilipodhani kimbunga kingefika kesho yake.

"Nani amekwambia kitaenda huko?"

"Kimekuwa kikienda hivyo siku tatu, Madam."

"Futa. Weka mstari wa vitone. Mtu akiuona ajue hapa tunakisia."

Miaka ikapita hivyo, nikapata watoto, nikapandishwa cheo, mwishowe nikaletwa Kajiado kuwa afisa wa hali ya hewa. Nililia kwa furaha kwenye choo cha ofisi, kwa sababu kwa mara ya kwanza ningewatabiria watu wangu. Pale kazi ilikuwa kuchukua ramani na tarakimu na kuzigeuza kuwa maneno ya mfugaji. Kila wiki nilisoma habari za hewa kwa Kimaasai kwenye redio moja ndogo, kwa simu, nikiwa mezani kwangu.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Wamaasai wakikutana hawarushiani habari ovyo. Mmoja anaeleza, mwenzake anaitikia "eeh" kila kipande, mpaka ziishe, ndipo naye aanze zake. Na habari huanza na mazuri. Hata kama nyumbani kuna maiti, unaanza kwa kusema watoto wako salama, ng'ombe wako salama, kisha polepole unafika kwenye lile lililokuleta. Ndiyo heshima. Mimi nililelewa hivyo, na redioni nilisema hivyo.

Mwaka huo bahari ilikuwa imechafuka kupita kiasi. Kabla hatujamaliza na kimbunga kimoja, kingine kilikuwa kimezaliwa, na kwenye ramani yangu vitone na nukta vilipandana hadi nikanunua penseli za rangi. Cha kwanza kilikaa mashariki ya Madagaska na kutuletea mawingu. Cha pili kilikuwa kikielekea kwenye mlangobahari. Cha tatu kilikuwa bado kitoto. Kiangazi kilikuwa kimetupiga vibaya, na Baba Saruni alikuwa amehamisha ng'ombe mpaka upande wa Mashuuru, mwendo wa siku kadhaa, ambako bado kulikuwa na majani makavu ya kushikilia roho. Wengi wao walikuwa na mimba. Kati yao alikuwako Mugie, wa rangi ya kahawia, kizazi cha ng'ombe ambaye mama yetu alipewa siku alipoolewa.

Siku yangu ya redio ilipofika nikasalimia, nikauliza wazee, nikauliza akina mama. Nikasema mvua ya masika iko njiani, mawingu yamefika, wiki hii itanyesha Kajiado yote. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa sasa naingia kwenye lile baya: kwamba itanyesha siku mbili tatu halafu ikatike, kwamba kimbunga cha pili kitaivuta, na kwamba mtu asirudishe mifugo mpaka wiki tatu zipite. Kabla sijalitamka, mtangazaji akaniambia asante Mama, muda umetuishia. Wimbo ukapigwa.

Nilishika simu mkononi nikasikiliza ule wimbo. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kumwambia yule kijana, rudisha laini, sijamaliza. Lakini nukta za saa tisa alasiri zilikuwa zimeingia, cha tatu kilikuwa kimegeuka, nikataka kukichora kwanza, na nikajiambia nitamalizia wiki ijayo. Sitamlaumu mtangazaji. Kazi yake ilikuwa saa, na mimi kazi yangu ilikuwa habari.

Ikanyesha siku mbili. Jumamosi nikatoka kwenda nyumbani kuona mashamba, na pale Isinya nikakuta ng'ombe wanavuka barabara, mbavu nje, wakienda polepole sana. Niliwajua kabla sijamwona mwenyewe. Nikashuka garini.

"Takwenya," akanisalimia Baba Saruni. Alikuwa anatabasamu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Iko," nikaitikia. "Baba Saruni, mbona umerudi?"

"Si ulisema?"

Akaendelea, bado na furaha yake. "Nilikuwa na redio. Wale wengine walisema tungoje, nikawaambia huyo ni dada yangu anaongea, ninyi mtangoja nini? Nikatoka siku hiyo hiyo."

Nikamwambia yote pale kando ya lami, kwamba sikumaliza, kwamba kuna kimbunga. Alinisikiliza mpaka mwisho akiitikia "eeh", "eeh", kama tunavyofanya. Kisha akageuka akaangalia wanyama wake. Kurudi Mashuuru hawangeweza, miguu ilikuwa imekwisha. Akasema, "Haya, twende nyumbani kwanza." Nikatembea naye kilomita zote zilizobaki na viatu vyangu vya ofisi.

Mvua ilikatika kama nilivyokuwa nimeandika kwenye karatasi. Majani yaliyochipuka Olooloitikosh yalikuwa marefu kama ukucha, yakaungua. Tulinunua nyasi, tukakata matawi, tukawainua asubuhi kwa kuwashika mkia na pembe, na mimi nilichukua likizo nikawa miongoni mwa wanaoinua. Walikufa mmoja mmoja. Ni wangapi sitasema, kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mugie alizaa, akamlamba ndama wake, akalala chini, na hatukuweza kumwinua tena. Ndama alikufa siku ya pili. Nilikaa pale kwenye boma nikalia kama mtoto, na Baba Saruni akaniletea kigoda ili nisikae kwenye samadi. Ningetamani angenitukana.

Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Lakini aliacha kuniuliza habari za mvua. Zamani kila msimu alinipigia simu: huko juu kuko aje, niambie. Baada ya pale alipiga kuniuliza watoto, miguu yangu, kazi, shemeji yake, kila kitu, na tukifika mahali pa mvua akasema haya, tutaongea. Alikuwa mpole, na upole huo uliniumiza. Mtu aliyeniachia shule yake alikuwa amenitoa, taratibu, kwenye orodha ya watu wa kuuliza.

Mimi nikabadilisha namna yangu ya kusoma redioni. Nikaanza na baya. Nilisalimia kwa neno moja kisha nikasema: msihamishe ng'ombe, kwa sababu hii na hii. Mazuri yalifuata kama muda ulibaki. Kwenye mkutano wa kabla ya msimu, ambapo sisi wa ofisi hukaa na wazee wanaosoma nyota na matumbo ya mbuzi tukalinganisha tulichoona, mzee mmoja wa Bisil alisimama akanielekezea fimbo.

"Huyu mama hana adabu siku hizi. Mtu anakunywa chai, anafungua redio, anapigwa na kifo kabla ya salamu."

"Mzee wangu, nisamehe," nikamwambia. "Siku moja nilianza na mazuri, na kaka yangu akazika ng'ombe."

Wengi walijua. Yule mzee akakaa chini, akasema niendelee, ila niongeze salamu ziwe mbili. Nikaongeza. Wakuu wangu wa Nairobi walikuja wakasikia mtindo wangu, na Naibu Mkurugenzi akauliza kwa nini taarifa ya Kajiado imekaa kichwa chini miguu juu. Nilimweleza, akaiacha ilivyo.

Nilistaafu nikiwa bado na mtindo huo. Walinipa saa ya ukutani na blanketi, wakahutubu sana. Baba Saruni alikuja na suti yake ya kanisani, akakaa safu ya mbele, akapiga makofi kuliko wote, na hakuuliza lolote la mvua hata siku hiyo, ingawa nje kulikuwa na mawingu meusi ambayo kila mtu aliyazungumzia.

Sasa nakaa Kitengela, nyumba yangu ina kipima mvua nyuma, na bado napiga magoti kukisoma ingawa kuinuka ndiyo shida. Vijana ofisini wako na kompyuta ambazo zinaonyesha kimbunga siku kumi mbele, na wanatuma ujumbe kwenye simu ya kila mfugaji. Wanafanya kazi safi. Wakinitembelea hawaniulizi sana juu ya ramani, wananiuliza jinsi ya kuongea na watu. Nawaambia mfugaji hasikilizi hali ya hewa, anasikiliza mtu, na huyo mtu akikosea anakosea kwa kila aliyemwamini. Ni mzigo mzito, na sijui namna ya kuubeba vizuri. Mimi niliubeba vibaya mara moja, na tangu hapo nimetembea nao.

Mwaka huu bahari imechafuka tena. Machi nilikuwa nafuatilia vimbunga vitatu kwa simu ya mjukuu wangu, nikiweka nukta kwenye ramani ya shule niliyoipachika jikoni. Mawingu yalikuwa yamejaa kuanzia Namanga, na nilikuwa nimesikia watu wanarudisha mifugo. Baba Saruni amezeeka, lakini ng'ombe wake wako Mashuuru na wanawe, na neno la mwisho bado ni lake. Asubuhi moja akapiga simu. Akauliza watoto. Akauliza magoti yangu. Nikangoja aseme haya, tutaongea.

"Huko baharini kuko aje?" akasema.

Nilishika meza. Nikamwambia, "Baba Saruni, mimi nimestaafu. Uliza wale vijana, wako na mashine."

"Wamenitumia ujumbe, nimesomewa. Sikumpigia afisa. Nimempigia dada yangu."

Nikaanza na baya: kuna kimoja kimeingia mlangobahari jana, hii mvua unayoiona itakatika. Akaitikia eeh. Nikamwambia majani yatachipuka halafu yaungue. Eeh. Nikamwambia kitaondoka, kingine kiko nyuma lakini hicho kinaelekea mbali, na mwanzo wa Aprili, nakisia, masika yenyewe yatashika. Eeh. Kisha nikasikia mbuzi wake kwenye simu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi ng'ombe wangu wakae huko huko."