Kijana wa jirani yangu Birmingham anataka kucheza American football ya kulipwa: niliyoyaona siku ya majaribio

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mzee, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutaka kusahihisha herufi asahihishe moyoni. Ninachoandika nimekiona mwenyewe. Jicho la kushoto lina ukungu, lakini la kulia linaona hata sisimizi.

Naishi Birmingham, upande wa Great Barr, kwa binti yangu. Ukifungua dirisha unasikia barabara kuu ya M6 inaunguruma kama mtu anayekoroma. Wengine wanalalamika. Mimi ujana wangu nilikuwa utingo wa malori, Kigoma mpaka Dar, bila injini sipati usingizi.

Nirudi kwenye mada.

Jirani yangu ni mama Mkongomani wa Uvira, tunamwita Mama Espoir. Kabla ya kuletwa huku alikaa miaka mingi kambi ya wakimbizi kule kwetu Kigoma, kwa hiyo ni jirani yangu mara mbili. Ana mtoto mmoja tu, huyo Espoir. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, amepanga na wenzake kule Selly Oak, nyumba ambayo ukiingia jikoni unaanza na dua.

Kiswahili anaelewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Ndiyo watoto wa huku.

Espoir anacheza American football. Siyo mpira wetu, na siyo rugby. Ni ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Pale chuoni ni klabu ya wanafunzi tu, watazamaji ni akina mama wawili watatu, mbwa, na mimi.

Namba yake inaitwa running back. Nawaelezea kiutingo: unakabidhiwa mpira mkononi, mbele yako kuna ukuta wa majitu yanayotaka kukuvunja, wewe upenye. Basi, hiyo ndiyo kazi.

Siku ya kwanza kumwona, wakuu, mbele yake hakukuwa na njia. Nasema hakukuwa. Akatulia kidogo kama mtu aliyesahau funguo. Majitu mawili yakajaa upande mmoja, katikati pakabaki upenyo wa kupita mbuzi. Akapita! Jingine likamdaka kiuno, akaenda nalo, akaenda nalo, mpaka likachoka kumshika likaanguka lenyewe.

Nikajikuta nimesimama, kofia nimeivua, na mvua inaninyeshea kichwani.

Nimewahi kuona simba akivuka barabara pale Mikumi, usiku, mwanga wa lori umempiga usoni. Sikuvua kofia.

Sasa basi. Mwaka huu ikaja habari kwamba kuna mtu anatoka Amerika kuangalia vijana wa nchi hii. Atakayempenda anampeleka kwenye kambi ya mazoezi huko kwao, na timu za kulipwa zinakuja kuchagua humo. Kwa Espoir ilikuwa hiyo au basi. Chuo kinaisha, na kocha wake, kijana mmoja Mwingereza mwembamba, alishanieleza ukweli: running back anazeeka mapema kuliko wote uwanjani, kwa sababu kila mchezo ni kugongwa. Nikamwelewa upesi. Tairi la lori halihesabiwi umri, linahesabiwa mizigo.

Mama Espoir aliposikia siku ya majaribio ni Jumamosi, akatangaza mfungo. Hawa ndugu zetu wa Kongo wakiwa na jambo zito nyumba nzima inafunga, hakuna kula, maji tu, na unamaliza Jumapili baada ya ibada, mchungaji akishawaombea. Nikamwambia vizuri, Mungu apokee. Mimi nilijua anafunga yeye peke yake!

Jumamosi binti yangu akatupeleka kwa gari. Njiani tukapita Balsall Heath, kuna Mhindi mmoja pale mzaliwa wa Kisumu, anapika maandazi ya iliki. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Siku hiyo kanikemea mbele ya wateja, "Mzee, ukibonyeza andazi umelinunua, hapa siyo kliniki." Nikanunua mfuko mzima kwa aibu.

Uwanjani wapo vijana wengi, wengine vifua kama milango. Yule Mmarekani ni mtu mweusi mnene, mpole, saa ya kupimia shingoni. Kila kijana anakimbia mbio fupi mara mbili, inachukuliwa iliyo bora. Baada ya hapo wanacheza kwa kugongana.

Espoir akaitwa. Akainama. Akatoka.

Wakuu, yule hakuwa Espoir. Miguu ilikuwa inatafutana. Kabla ya kumaliza akajikwaa, magoti chini. Mmarekani akatazama saa, kisha akatazama kijana anayefuata.

Nikamfuata pale alipokaa. Midomo imepauka.

"Mwanangu, umekula nini leo?"

"I'm fasting, Babu."

"Tangu lini?"

"Since Thursday. Same as Mum."

Nikasikia masikio yamepata moto. Nikamgeukia mama yake.

"Mama Espoir! Unamtuma mtoto akapigane na majitu tumbo tupu?"

"Papa Shabani, mambo ya Roho usiingilie. Weye Muislamu utajua nini ya kufunga kwetu?"

"Mimi sijui kufunga? Ramadhani ni mdogo wangu wa kuzaliwa? Hata kwetu mgonjwa na msafiri wana ruhusa. Na huyu ni msafiri, anakwenda Amerika kwa miguu!"

Binti yangu akacheka akageuka pembeni. Mama Espoir hakucheka. Akamgeukia mtoto wake.

"Kwa nini hukuniambia unaishiwa nguvu?"

"You said the whole house, Mum."

Yule mama akatoa simu kumpigia mchungaji, maana mfungo hauvunjwi hivihivi, lazima afungue aliyeuombea. Simu ikaita, ikaita. Mchungaji wao Jumamosi anapeleka vifurushi vya watu, pengine alikuwa mlangoni kwa mtu. Akapiga tena. Kimya. Na foleni ya mbio za pili ilikuwa imeshaanza.

Akaiweka simu kwenye mkoba. Akamshika Espoir kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa sauti, mbele ya Waingereza wote wale:

"Mungu, iliyobaki ya mutoto huyu, minaibeba mimi. Siku zake uziweke juu yangu. Yeye akule."

Halafu akanigeukia. "Papa, leta hiyo maandazi."

Espoir alikula moja, nusu ya jingine, na chai yangu yenye sukari ya kizee. Kocha akaleta ndizi, anauliza kuna nini, hakuna aliyeweza kumweleza. Akaomba kijana wake akimbie mwisho kabisa.

Mbio za pili sitaki kuwadanganya, hakuwa wa kwanza. Walikuwepo wawili watatu waliomzidi. Lakini Mmarekani alitazama saa, akaitazama tena.

Kisha kugongana. Hapo ndipo sijui niwaandikie nini. Wale wenye vifua kama milango wakapangwa mbele yake. Mara ya kwanza wakamwangusha, nikasikia mlio wa kofia kama sufuria imedondoka jikoni. Akainuka. Mara ya pili akaingia kati yao na sikumwona tena, nikadhani yuko chini, kumbe yuko upande wa pili anatembea, mpira mkononi. Walioachwa nyuma walikuwa wanashikana wao kwa wao!

Mmarekani alisema neno moja tu, taratibu, "Lord." Nadhani ilikuwa ni dua.

Mwisho akaja kwetu. Akazungumza sana, kwa heshima, akimtazama mama. Mama Kiingereza chake ni cha dukani. Akamvuta mtoto mkono.

"Anasema nini?"

Na hapo, wakuu, nikamsikia Espoir anaongea Kiswahili, taratibu, kama anayepanda ngazi gizani.

"Mama, anasema watu kama mimi iko wengi kule. Walianza wakiwa wadogo. Anasema miguu ya running back inaisha haraka. Anasema wengi wanarudi nyumbani."

Mama hakuondoa macho kwa yule mgeni.

"Na anasema nikuje."

"Amesema ukuje?"

"Amesema."

Mama Espoir akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, na gauni lake zuri la kitenge.

Jumapili baada ya ibada tukaitwa kwake. Sombe, kisamvu chao kile, samaki, wali, nyumba imejaa waimba kwaya. Yeye alikuwa anapakua. Kila sahani ikipita anaongeza, hasa ya Espoir. Yake haikuwepo. Espoir akamsogezea kijiko, "Mum, please." Akakirudisha, "Kula weye, mutoto. Mimi bado niko kazini, siku zako hazijaisha."

Nimeona mtu akipita katikati ya ukuta wa watu. Na nimeona mama amesimama na mwiko kati ya vyakula vyote vile, ana njaa, na anacheka. Sijui kipi kilinishangaza zaidi.

Funzo langu ni dogo: mtu akisema anafunga kwa ajili yako, muulize mapema kama na wewe umo. Na kijana mtiifu msimwache ajisemee mwenyewe, hatasema.

Espoir akimaliza mitihani anaondoka. Mlioko Amerika na mnaoujua mchezo huu, anaweza kupata timu kweli, au ndiyo wale wengi wanaorudi? Mama yake hasomi humu, majibu yenu nitamsomea mimi jikoni kwake. Semeni kweli yote, ila mseme mkijua anasikiliza.