Theluji Haina Bei ya Mwisho

Siku ile ninaikumbuka kwa miguu, mwanangu, si kwa kichwa. Kila baridi ya hapa Guangzhou inapoingia, hii baridi yetu ndogo ya kuvaa masweta mawili na kulalamika, vidole vyangu vya miguu huanza kuwasha, nami najisemea, haya, vimeanza tena kusimulia. Leo nitavisaidia. Keti hapo, sogeza hayo maboksi. Chai ipo kwenye chupa.

Nimekuita kwa sababu ya jambo nililolisikia jana. Sikuwa nachungulia. Ofisi zetu hizi za jengo la Tianxiu unazijua, ukuta ni ubao tu, mtu akipiga chafya chumba cha pili unamwambia pole. Nilikusikia ukiwaambia wenzako wawili kwamba yule dereva wa kaskazini, wa kuwapeleka milimani mkaone theluji likizo hii, amekataa mara mbili, ati kwa sababu kuna tahadhari ya theluji ya rangi ya chungwa. Ukacheka. Ukasema, "Anataka pesa tu huyo. Tumwongezee."

Anjela, mama yako ni mdogo wangu wa tumbo moja. Siku uliyopata nafasi ya kusoma huku alinipigia simu akasema, dada, mtoto ni wako. Basi siwezi kunyamaza. Maneno hayo uliyoyasema jana, yote kama yalivyo, niliyasema mimi nikiwa na miaka ishirini na tisa.

Nilikuwa na miaka miwili tu katika mji huu, na chuo kikuu changu kilikuwa Yide Lu, mtaa ule wa maduka ya jumla. Pale nilifundishwa kwamba "hapana" ni namna ya kusalimiana. Laoban, mwenye duka, anakwambia bu xing, haiwezekani. Wewe unacheka, unachukua kikokotoo chake, unaandika namba yako. Anashika kifua kama umemchoma kisu. Unageuka, unaondoka polepole huku unahesabu hatua. Ya tano, ya sita, ya saba, unaitwa urudi. Sikuwahi kufika hatua ya kumi bila kuitwa, na kwa hilo nilijiona mjanja kuliko wanawake wote waliotoka Singida. Lakini mazoea yana taabu.

Hata hizo tahadhari nilizizoea. Hapa simu ikilia kwamba tahadhari ya mvua ni nyekundu, sisi hufanyaje? Tunavalisha viatu mifuko ya nailoni, tunajibanza chini ya daraja la Xiaobei saa moja au mbili, kisha kila mtu anarudi kwenye mizigo yake. Kwa hiyo mimi niliamini rangi zile ni mapambo ya kupamba habari.

Basi mwaka ule niliona mashine pale Pazhou, kwenye maonyesho. Mashine ya kukamua alizeti, mwanangu, nzuri, ya kijani, inakula mbegu huku inacheka. Nyumbani wakati huo tulikuwa tunalima alizeti na kuwauzia watu wengine wakamue, tukirudi dukani kununua mafuta yetu wenyewe. Nikasema, hii ndiyo. Lakini mtu hanunui picha, na kiwanda kilikuwa mbali kaskazini, kwenye mji mdogo, saa mbili kwa gari kutoka kituo cha mwisho cha treni. Nikakata tiketi katikati ya Januari. Nilibeba jaketi la kuazima, na glavu za sufu zenye picha ya dubu nilizonunua Yide Lu kwenye duka la watoto. Usicheke. Basi cheka, mimi mwenyewe nacheka.

Kule stesheni alinipokea Salum. Alikuwa kijana wa Tanga anayesoma uhandisi katika chuo cha huko, na wanafunzi wa hapa ndio waliotuunganisha ili aniongoze na kunitafsiria. Mpole, msomi, wa kusema "shikamoo dada" hata kwa mtu aliyemzidi miaka sita. Theluji ilikuwa imelala kila mahali, na nyingine inashuka. Wanasema mgeni ni kuku mweupe. Mimi siku hiyo nilikuwa kuku mweusi katika nchi nyeupe, na kila mtu alinitazama.

Nje ya stesheni kulikuwa na dereva mmoja mzee, Mzee Liu, ambaye kiwanda kilisema ndiye huwapeleka wageni wake. Salum alimweleza tunakokwenda. Mzee akatazama mbingu, akatikisa kichwa. Bu xing. Nikafurahi! Nikajua mazungumzo yameanza. Nikatoa kikokotoo changu mfukoni, nikaandika mara mbili ya nauli yake. Bu xing. Nikaandika mara tatu. Hata hakutazama. Basi nikafanya ule ujuzi wangu wa mwisho, nikageuka nikaondoka taratibu. Hatua ya saba, kimya. Ya kumi, kimya. Hatua ya ishirini niliteleza nikakaa chini kwa makalio, na nilipogeuka nikamkuta Mzee Liu anafuta kioo cha gari lake.

"Dada," Salum akaniambia akinishika mkono niinuke, "tahadhari ni ya rangi ya chungwa, juu yake imebaki nyekundu tu. Huku si kama huko kwenu Guangzhou. Yule mzee si kwamba anapandisha bei."

"Anataka pesa tu huyo," nikamjibu. "Na kama hataki yeye, atataka mwingine."

Nami nikampata mwingine. Pesa ni sabuni ya roho, na penye madereva kumi hakosekani mmoja mwenye roho inayohitaji kufuliwa siku hiyo. Alikuwa jamaa mwenye gari jeupe dogo, matairi yake yamelika kama kisigino cha ndala ya zamani. Alikataa mara moja, akakataa mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi, mara ya tatu akatazama namba kwenye kikokotoo changu kwa muda mrefu, kisha akafungua mlango. Salum alisita. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, hakuweza kumwacha dada mgeni aende peke yake. Akapanda. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote, kwamba nilitumia adabu ya mtoto wa watu kama nauli.

Tuliondoka saa sita mchana. Saa nane gari lilikuwa mtaroni.

Hakukuwa na kishindo. Liliteleza tu, likazunguka polepole, likalala upande kwenye theluji laini. Tulitoka kwa dirisha, tukaona hakuna aliyeumia, nikasema Bwana asifiwe, tusukume. Tukasukuma. Halikutikisika hata kidogo, na injini ikazima. Simu zetu zote hazikupata mtandao. Kule nyuma barabara tuliyokuja nayo ilikuwa imeshafutika, huwezi kujua wapi barabara inaishia na wapi shamba linaanzia. Tukarudi kukaa ndani ya gari lile lililolala, tumebanana watatu, na baridi ikaanza kazi yake.

Baridi ile haina kelele, mwanangu. Kwanza inauma, halafu inaacha kuuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Glavu zangu za dubu zilikuwa zimelowa zikawa ngumu kama maganda ya muwa. Salum akavua zake, nene, za ngozi, akanivisha bila kuniuliza, kama mtu anavyomvisha mtoto. Yeye akatia mikono kwapani. Yule jamaa dereva alitoa simu yake akanionyesha picha ya mabinti wawili wamevaa sare za shule, akairudisha mfukoni. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu, nikalia machozi yanayoganda. Nilikuwa na kikokotoo mfukoni na pesa kiunoni, na hapakuwa na mtu wa kuongezewa.

Ilipokaribia saa kumi, mwanga unaanza kufifia, kwa maana kule jua hukimbia mapema, tulisikia mngurumo. Trekta. Juu yake Mzee Liu na jirani yake, wana mabeleshi na mablanketi. Alituona tukiondoka. Akakaa, akahesabu muda, akapiga simu kiwandani kuuliza kama tumefika. Alipoambiwa bado, akaenda kuazima trekta. Barabara ileile aliyoikataa kwa nauli mara tatu, aliiingia bure.

Alitupeleka sote watatu nyumbani kwake. Mkewe akaiweka mikono ya Salum kwenye maji vuguvugu, akatupa maji ya tangawizi, akanivua viatu kana kwamba mimi ni binti yake. Mzee Liu alikaa mbele yangu, akavua kofia, akasema maneno machache. Salum alitafsiri, meno yanagongana:

"Anasema hivi, dada. Asubuhi nilikwambia haiwezekani. Hukuniuliza kwa nini. Uliniuliza kiasi gani."

Basi, ni hayo tu. Mwanangu, nimekemewa na mama, na mchungaji, na mume, lakini sijawahi kukemewa kwa maneno machache kiasi hicho yakanikaa muda mrefu kiasi hiki.

Salum alipoteza ncha ya kidole kimoja, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Madaktari walijitahidi, vingine vikapona. Nilimwomba radhi hospitalini, nikaogopa hata kumtazama. Yeye akasema, "Dada, mimi naandika kwa mkono wa kulia." Leo ni mhandisi mkubwa kule Tanga, ana watoto, na kila Idi akinipigia kwa video huinua kile kidole kifupi mbele ya kioo na kuniuliza, "Dada, bei ya mwisho?" Tunacheka mpaka tunafuta macho. Nashukuru kwamba tunacheka. Ingeweza kuwa vingine, na majuto ni mjukuu.

Siku ya nne jua lilitoka, barabara ikafunguliwa. Asubuhi nikasikia gari linanguruma nje ya nyumba ya wageni. Ni Mzee Liu, amekuja mwenyewe, hata sijamwita. Akatupeleka kiwandani mimi na Salum, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji, anatazama nje kama mtalii. Tulipofika nikamlundikia pesa, ile mara tatu yangu na zaidi. Akachambua nauli yake ya kila siku, akanirudishia zilizobaki mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake. Nilielewa bila mkalimani. Hapana yake haikuwa na bei, na ndiyo yake haikupanda bei.

Mashine niliinunua. Ile ya kijani, mjomba wako anaitumia mpaka leo, na mafuta uliyokulia nayo yalitoka humo. Kwa hiyo usidhani nakukataza kusafiri. Ningekuwa mtu wa kukaa nyumbani, tungekuwa bado tunanunua mafuta yetu dukani. Nenda ukaone theluji, ni nzuri, hulala juu ya kila kitu kwa usawa, juu ya nyumba ya tajiri na ya maskini. Nami nimeridhika kwamba niliiona.

Ila shika haya. Si kila hapana ni mlango wa soko. Kuna hapana ya mwenye duka, hiyo cheka nayo utakavyo. Na kuna hapana ya mtu anayeijua barabara. Hiyo usiibishanie, uliza kwa nini, kisha unyamaze usikilize. Ukimwongezea mtu pesa aifanye kazi anayoiogopa, ujue hujanunua safari, umenunua shida yake, na ndani ya gari mtakuwa wote. Na ukiwa na mwenzako mpole, mwenye adabu asiyeweza kukukatalia, mkatalie wewe kwa niaba yake. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema ongeza ufike.

Yule dereva wako amekataa mara mbili. Mpigie tena, mpigie hapahapa mbele yangu, lakini usimtajie pesa. Muulize barabara ikoje, na siku gani yeye mwenyewe angempeleka binti yake. Siku hiyo ndiyo mwende. Ikiwa ni baada ya wiki, kaeni mjini mle tambi za moto, mpige picha za barafu, theluji haina safari, itawasubiri.

Haya, chukua simu. Na Mungu akutangulie, mwanangu, akupe sikio la kusikia hapana ya mwenyeji, akukawize pale palipo na hatari na akuharakishe pale palipo na heri. Akurudishe kwenye kiti hikihiki ukiwa na vidole vyako vyote ishirini, uje unimiminie chai.