Udongo Niliowapelekea Maprofesa

Nawaambia na ninyi, maana nyumbani wameshanicheka vya kutosha. Mjukuu wangu Veronika anaomba kusomea shahada ya pili ya udongo na mazao. Aliagizwa atume udongo wa shamba letu la Kasense, aliloandika kwamba limechoka. Mimi nikaona aibu, maprofesa walione shamba la marehemu mume wangu Deogratias limekuwa jivu. Veronika alipokwenda kisimani nikaumwaga ule aliokwisha kuutia mfukoni, nikajaza mweusi wa zizini, tena nikauchekecha kwa chekeche la ulezi.

Jana wakamhoji kwa simu, sauti ameifungulia. Profesa akauliza, "Udongo huu ni mbolea tupu. Umechoka wapi?"

Veronika akanigeukia. "Bibi, uligusa mfuko wangu?"

"Niliupendezesha kidogo tu," nikanong'ona.

"Shikamoo, bibi," simu ikasema. "Sasa tuleteeni ule mbaya."