Malipizi ya Kusukwa

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Rodi Kopany hujiandaa kwa Krismasi kwa kugombania kitenge. Majilio yana Jumapili nne, na mwaka ule tatu kati ya hizo tulizimaliza kwenye sare: kitenge kiwe cha bluu au cha zambarau, kinunuliwe Isebania au tuvuke wenyewe hadi Sirari, upande wa Tanzania, mikono iwe mirefu au mifupi. Mtu angepita dirishani angedhani ni mkutano wa mafundi cherehani. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu kazi za miwa kule Awendo, alisinzia tangu ishara ya msalaba mpaka chai ilipoletwa, kisha akaamka na kutuambia kwamba kiroho tumepiga hatua.

Mimi nilikaa pembeni nikiwadharau. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika jumuiya, pamoja na kuwafundisha wasomaji. Nafundisha Kiswahili shule ya upili. Wazazi wangu ni Wajaluo lakini nilizaliwa na kukulia Mombasa, nikaletwa huku na ndoa, na watu huniita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa. Wengine hulisema kwa heshima. Wengine hunicheka, maana Kidholuo changu ni cha kuombea maji tu. Sikujali. Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, na nilidhani Mungu naye hukisikiliza akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akinipa maksi.

Jumapili ya kwanza ya Majilio tulikutana kwa mwenyekiti. Shada la Majilio lenye mishumaa minne lilikuwa mezani, na kwa kuwa mshumaa wa rangi ya waridi ulikosekana, walichukua mweupe wakauzungushia utepe wa keki. Maombi ya waamini aliyaongoza mama mmoja mjane, msusi wa nywele pale sokoni. Nikiri hapa jambo ambalo wakati ule nisingelikiri: yule mama alijua kusali. Hakushika karatasi. Akifumba macho, hata mwenyekiti aliacha kukoroma.

Sasa, Kidholuo hakina sauti ya "sh". Shamba huwa samba, na shukrani huwa sukurani. Kwa hiyo yule mama alipomwomba Bwana ashuke, kilichotoka ni hiki: "Bwana, fungua mbingu, usuke kwetu. Usuke kwa wagonjwa. Usuke kwa wajane."

Msusi anamwomba Mungu asuke. Ningenyamaza, lakini mdomo wangu nilikuwa nimeuzoeza vibaya. Nikasema, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Akimaliza wajane aje kwangu. Nywele zangu zimetimka."

Walicheka. Walicheka hata wale wanaosema "samba" tangu wazaliwe, na hao ndio waliocheka zaidi. Yule mama akafungua macho, akaangalia shada, akasema amina kabla ya wakati wake. Wiki iliyofuata nikaandika orodha ya wasomaji na waombaji wa Majilio yote, na jina lake nikaliacha. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya heshima ya liturujia. Hakuja Jumapili ya pili, wala ya tatu. Mtu akasema Desemba ni msimu wa nywele, ana wateja wengi. Nilivyolipokea jibu hilo haraka haraka, ungedhani nimepewa zawadi.

Siku chache kabla ya Krismasi alikuja padre mgeni kuungamisha, kijana kutoka Ukambani. Nilijipanga nikiwa na dhambi zangu zimepangwa vizuri, utangulizi, kiini na hitimisho. Nilimweleza kwamba huwa nakosa subira kwa sababu watu wa jumuiya wanagombania vitambaa. Kwamba nakasirika kwa sababu mwenyekiti analala. Kwamba kwaya inaimba nje ya noti na mimi nashindwa kutafakari.

"Mama," akasema, "mpaka sasa umeungama dhambi za jumuiya nzima. Zako ziko wapi?"

Nilikasirika. Ili aone jinsi nilivyo na mzigo, nikamsimulia habari ya msusi, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Tangu siku hiyo amewahi kusali tena?"

"Sijui, Padre."

"Malipizi yako, nenda akusuke. Ukiwa umeketi pale chini, umwombe msamaha."

Nikamwomba anipe rozari. Hata tatu.

"Rozari unaipenda," akasema. "Nenda ukasukwe."

Nilifikiria kukwepa. Miaka mingi nilikuwa navaa wigi, na sokoni pale kuna wazazi wa wanafunzi wangu. Lakini nilitaka kupokea komunyo Krismasi, na kupokea huku nimekwepa malipizi niliogopa. Ndivyo nilivyokuwa, namwogopa Mungu mara kumi kuliko ninavyompenda, na uoga huo nikiuita imani.

Nikaenda mchana, jua likiwaka juu ya mabati ya kibanda chake. Wanawake wanne walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Mwalimu," akasema, "leo umepotea njia?"

Nikavua wigi mbele ya watu wote. Benchi zima likageuka kunitazama. Zamu yangu ilipofika akaniketisha kwenye gunia, kichwa changu kati ya magoti yake, akaanza kuchana. Machozi yalinitoka kwa chanuo kabla hayajanitoka kwa jambo lingine. Alipomaliza tuta la pili, nikajikaza nikasema maneno niliyokuwa nimeyatayarisha nyumbani.

"Ningependa kukuomba radhi kwa matamshi yangu ya siku ile, ambayo hayakuwa na staha."

Mikono haikusimama. "Mwalimu, hiyo ni radhi ama ni insa?"

Nusura nimwambie ni insha. Nikauma ulimi.

"Nimekukosea," nikasema.

"Eeh. Ulinikosea." Akavuta tuta jingine. "Mimi nilikuwa nasali hapa hapa nikifanya kazi. Kila kichwa naombea, kwa sauti. Hata hawa wanajua. Siku hizi nikifungua mdomo nasikia tu vile mlicheka. Nafunga."

Mmoja wa wale wa benchi akasema ni kweli, siku hizi kibanda kimekuwa kimya.

Niliumia. Nilidhani nimemnyima zamu ya kuongoza maombi, basi, jambo la wiki mbili tatu. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo mbele ya Mungu, mimi ambaye kutwa nzima hudai watoto wafungue midomo waongee.

"Niombee basi," nikamwambia. "Sasa hivi. Kwa sauti."

"Apana. Omba wewe. Si ni wewe unajua kuongea? Mimi nitasikiza."

Nikakohoa. Nikaanza. "Ee Mungu mwenyezi wa milele, uliye asili ya mema yote..."

"Hiyo ni ya kitabu. Omba yako."

"Ee Bwana, utujalie sisi waja wako..."

"Hiyo pia ni ya kitabu."

Benchi likacheka, na sikuweza kuwalaumu. Nikafumba macho nikatafuta. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua mkoba akijua kabisa funguo alizitia humo. Nilipata zaburi, nilipata litania, nilipata sala nilizowasahihishia watu wengine. Miaka hamsini kanisani, na hapakuwa na sentensi moja ambayo ningeweza kumwambia Mungu ikawa yangu.

"Sina," nikasema.

Hapo ndipo mikono iliposimama. Nilingoja anicheke, na ilikuwa haki yake. Badala yake alilaza viganja vyote viwili juu ya kichwa changu, upande uliosukwa na upande uliotimka, na sauti niliyokuwa nimeizima ikatoka, kubwa, ikaenda mpaka kwa wauza ndizi.

"Nyasaye, Mungu wetu! Huyu mwalimu hana maneno. Hata moja hana, maskini. Mfundise pole pole."

Benchi zima likaitika amina. Nami nikaitika nao, pale chini kwenye gunia, nikilia.